Mwaka Tuliomtafutia Sofi Shule

Simu ya Neema ilinikuta Tunduru, tuko kwenye foleni ya malori nje ya ghala la korosho, nami nimejilaza chini ya gari kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine. Alisema tu, “Anko Fide, mama ametutoka.” Tulisikilizana tukipumua mpaka simu ikakatika yenyewe. Nilimwachia mwenzangu gari, kesho yake alfajiri nikapanda basi la Songea, na njia nzima, badala ya kumlilia Mama Kihwele, nilikuwa nasumbuliwa na jambo moja: mimi ni Mngoni, marehemu ni Mhehe, makabila yetu ni watani, na watu wa kwao wakishafika kutoka Iringa watanitazama mimi. Mtani haendi msibani kukaa kwenye kona na kulia. Anatakiwa aingie kwa kelele, amwige marehemu alivyokuwa anatembea, adai hiki na kile, azuie jeneza lisitoke mpaka apewe kitu, ili wafiwa wapate pa kupumulia. Nilitafuta maneno tangu Tunduru mpaka Namtumbo, sikupata hata moja la kuchekesha. Barabara yenyewe ilinivuruga zaidi, maana siku hizi ni lami tupu na basi linateleza. Mimi nilikuwa naikumbuka ile ya zamani, ya matope mpaka magotini, ambayo abiria mlishuka mkasukuma na mkafika mmeshakuwa ndugu.

Nimepanga vyumba vingi maishani. Masasi, Mbamba Bay, Makambako, Tunduma. Vyumba vya msumari mmoja wa kutundikia shati, na kila nilipoanza kuyajua majina ya majirani nilifungasha. Dada zangu husema mimi sikai mahali, nafikia tu. Lakini nyumba ninayoiota usingizini si hata mojawapo ya hizo. Naota nyumba ya Ruhuwiko, mtaa wa Songea, ambayo haikuwa yangu, na katika nyumba hiyo naota jiko la nje. Majiko yalikuwa mawili. La ndani lilikuwa la gesi, lenye vigae na friji, na humo hakikupikwa kitu zaidi ya mikate na keki za Mama Sofi. La nje lilikuwa banda la matofali, mafiga matatu, ndoo za maji zilizofunikwa kwa masinia, harufu ya moshi na dagaa wa Nyasa, na kigoda kimoja ambacho tulikigombania. Humo ndimo nyumba ilimokuwa inaishi. Baba Sofi alikuwa mhandisi kutoka Denmark, anajenga maji ya mserereko vijijini, na mimi nilikuwa dereva wake, kijana wa miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha nne kwenye begi na leseni ambayo bado ilikuwa inanukia upya. Mama Kihwele alikuwa mpishi wao. Ndoa ilimleta Songea kutoka Iringa, ndoa ikaisha, yeye akabaki, na Neema, binti yake, wakati huo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Sofi mwenyewe alikuwa na miaka kumi. Alifika Songea kabla hajaweza kutembea bila kushikiliwa, kwa hiyo Denmark kwake ilikuwa mahali pa kwenda kumsalimia bibi. Asubuhi alisoma na mama yake barazani, kwa vijitabu vilivyotumwa kutoka kwao, na mchana alihamia jiko la nje, akachuma nasi likolo, yale majani ya maboga, akiyamenya nyuzi kwa kucha kama mtoto yeyote wa hapa. Na alisikiliza. Mimi na Mama Kihwele hatukuwahi kula kwa amani hata siku moja.

“Wewe Mngoni,” Mama Kihwele angeanza, mwiko mkononi, “ugali huo ni wa watu watano. Babu zako walitoka huko kusini wanapora vyakula vya watu, mpaka leo hamjashiba?”

“Afadhali sisi tulipora ng’ombe. Nyie mbwa wa jirani analala jicho wazi.”

“Simba yuko wapi?” Sofi angeruka. Simba alikuwa mbwa wao. “Anko Fide, Simba simwoni! Mama Kihwele, fungua sufuria tuone!”

Siku moja aliuliza yeye yuko upande gani. Nikamwambia baba yake ni Mdenishi, hilo analijua. “Ndiyo,” akasema, “lakini hapa jikoni?” Nikamwambia hapa jikoni yuko kwangu, ukoo wa Gama, Mngoni wa Ruhuwiko. Mama Kihwele alimrushia jani la kabichi. “Basi umekwisha, mtoto. Kuanzia leo wewe ni mateka wangu.” Na kweli, tangu siku ile kila kitu Sofi alichokiweka chini ovyo kilichukuliwa. Penseli, kandambili, hata kipande cha keki. Alikikomboa kwa kuchota maji, au kwa kucheza ngoma katikati ya jiko huku sisi tunapiga masinia. Mama Sofi alisikia kelele kutoka barazani, akatabasamu, akaendelea na kitabu chake. Alijua kuna mchezo wa jikoni. Hakuuliza mchezo wenyewe una jina gani, na sisi hatukumwambia, kwa sababu nani anamweleza mtu kwamba anapumua?

Mwaka ninaousema ulianza na malaria ya Sofi. Homa ilipanda, akaweweseka mchana kutwa, na aliweweseka kwa Kiswahili. Mama yake alikaa kitandani amemshika mkono, anasikiliza, haelewi hata nusu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo za gari nikisubiri kuambiwa twende hospitali, nikauona uso wake. Alinigeukia akaniuliza polepole, “Anasema nini, Fide?” Nikamwambia anadai kandambili zake. Mtoto alipona baada ya siku chache, lakini nadhani mama yake hakupona. Haukupita muda picha zikaanza kuja. Vijitabu vya shule za kimataifa, karatasi nzito za kung’aa, watoto wa rangi zote wamekaa kwenye majani mabichi wakicheka kitu ambacho hakipo pichani. Meza ya chakula ilijaa. Walikula pembeni, sahani kwenye magoti, ili wasizisogeze zile picha.

Sisi tulipata habari zote kwa Sofi, maana wazazi walizungumza kwa lugha yao na yeye alikuja kuzimwaga jikoni kabla hazijapoa.

“Wamesema nini leo?” Mama Kihwele angeuliza bila kugeuka.

“Ya kaskazini ina farasi.”

“Farasi wa kuliwa?”

“Wa kupanda! Na bwawa la kuogelea. Baba anasema ni mbali sana. Mama anasema umbali siyo kitu, kitu ni walimu.”

“Na ile ya milimani?”

“Haina farasi. Ina baridi.”

“Baridi ya kwetu ni dawa,” alisema Mama Kihwele. “Ukiamka asubuhi maji ya beseni yanakuuma vidole. Na viazi vya huko ni viazi, siyo hivi vya Wangoni vya kubembeleza.”

Zilibaki hizo mbili, na kila mtu nyumbani alielewa maana yake. Shule ya milimani ilikuwa mwendo wa siku moja kwa gari. Sofi angelala bwenini, likizo fupi angerudi Ruhuwiko, baba yake angeendelea na mabomba yake, na nyumba ingebaki nyumba. Ya kaskazini ilikuwa upande wa pili wa nchi. Wakiichagua hiyo, Mama Sofi angehamia huko na mtoto, wapange nyumba, na baba angebaki peke yake kumalizia mradi kisha awafuate. Sofi alikuwa amekwisha chagua. Alisema anataka ya milimani ili mimi niwe naenda kumchukua, na njiani tule mahindi ya kuchoma. Baba yake alikuwa upande wake, kimyakimya, kama mwanamume anayejua kwamba uamuzi hautatoka kwake. Tulipangiwa safari ya kwenda kuiona wakati wa baridi, na Sofi alivaa kofia nyekundu ya sufu, yenye kishada juu, aliyofumiwa na bibi yake.

Naikumbuka safari ile kuliko safari nyingi nilizolipwa vizuri zaidi. Ukungu wa Njombe, taa zimewashwa saa tatu asubuhi, Sofi anaimba kiti cha nyuma. Shule ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Sitaitaja jina, maana haikukosa kitu. Sakafu za mbao zilizong’arishwa, madirisha makubwa, harufu ya sabuni na mkate. Mkuu wa shule aliwatembeza wazazi madarasani na maktabani, nikaona kwa mbali Mama Sofi anaitikia kwa kichwa taratibu, anagusa migongo ya vitabu kwa kidole. Alikuwa anaanza kuipenda. Mimi na Sofi tuliachwa kwenye uwanja wa bweni la wasichana, nimebeba mkoba wake, na mlezi wa bweni, mama mmoja mpana mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alitoka na ufagio kutupokea.

“Shikamoo, mama,” Sofi akasema.

“Marahaba, mwanangu! Unajua Kiswahili wewe? Umetoka wapi?”

“Songea. Mama, wewe kabila gani?”

Nilijua swali lile linaelekea wapi. Ningeweza kukohoa. Sikukohoa, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuona.

“Mimi Mhehe,” akajibu mlezi.

“Ahaa!” Sofi akaweka mikono kiunoni. “Mimi Mngoni.”

“Mngoni gani mweupe hivi?”

“Wa Ruhuwiko. Ukoo wa Gama. Muulize anko.”

Mlezi akanitazama. Nikamwambia, “Ni wetu huyo, mama. Vumilia tu.”

“Na mbwa wenu wako wapi?” Sofi aliendelea. “Sijaona hata mmoja tangu tuingie getini. Mmemaliza?”

Yule mama aliangua kicheko ambacho kiliwatoa wasichana madirishani. Akaruka, ndiyo, mama mpana vile aliruka, akaichomoa ile kofia nyekundu kichwani kwa Sofi na kuichomeka kifuani kwake. “Mngoni wee, umekuja mwenyewe mpaka mlangoni! Leo wewe ni mateka. Kofia hii hutaiona mpaka ulete kuku!” Sofi akapiga ukelele wa furaha uliofika maktabani, akakimbia kuzunguka uwanja, mlezi nyuma yake na ufagio juu, wasichana wanashangilia, wengine upande wa Wangoni bila kujua Mngoni ni nini. Na hapo ndipo Mama Sofi alipotokea kwenye kona. Aliona mtoto wake wa pekee anapiga kelele, anakimbizwa na mtu mzima mwenye ufagio, na watoto wengine wanacheka.

Alikwenda moja kwa moja, akanyoosha mkono. “Kofia,” alisema. “Naomba kofia ya mtoto.”

Mlezi naye alifikiri amepata Mngoni wa pili. Angefikirije vinginevyo? Mtoto wa ukoo wa Gama, mama yake ni nani? Akarudi hatua moja, akaipapasa ile kofia kifuani, akasema kwa sauti ya madaha, “Na wewe mama Mngoni, huna aibu? Kuku kwanza!”

Nilianza kueleza, lakini Mama Sofi hakuwa ananisikia tena. Alimshika Sofi mkono, akasema kitu kwa lugha yao kwa mumewe, na sisi tukaondoka bila chai iliyoandaliwa. Kofia ilibaki. Kupitia kioo nilimwona yule mlezi amesimama getini ameishika mkononi sasa, hacheki, anatutazama tunavyoondoka kama mtu aliyepokea wageni wakamwacha katikati ya salamu.

Nilisimamisha gari mbele kidogo, kwa wauza mahindi, nikawaeleza. Niliwaeleza utani wote nilioujua, wa vita vya zamani na wa misibani, na kwamba mtani anaweza kukuchukulia kitu na wewe huruhusiwi kukasirika, na kwamba yule mama asingeweza kumpa Sofi heshima kubwa kuliko ile, maana amemkubali ni Mngoni. Baba Sofi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamtazama mkewe, akaivaa. Mama Sofi alisema, kwa Kiswahili chake cha polepole ambacho alikitumia alipotaka kila neno lifike:

“Fide, nimeelewa. Ni mchezo, na ni heshima, ni yote uliyosema. Lakini mimi nitakuwa Songea na Sofi atakuwa huku. Mtu akimchukulia kitu, akimpigia kelele, akimkimbiza, mimi nitajuaje kwamba leo ni utani na kesho siyo?”

“Sofi atajua,” nikamwambia.

“Sofi ana miaka kumi.”

Nimelibeba swali lile kwenye malori kwa miaka yote hii, na sasa ninakaribia hamsini, nimeona watoto wa watu bwenini na njiani, na bado sijapata jibu la kumpa. Siku hizi mabasi ya njano yanapita mtaa wa Lizaboni, Songea, asubuhi kukusanya watoto wadogo wenye soksi ndefu kuwapeleka shule za Kiingereza, na nikiwaona mama zao wamesimama barabarani, mkono bado juu wakati basi limeshakata kona, namkumbuka Mama Sofi kwa wauza mahindi. Hakuwa mwanamke wa dharau. Alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa anakwenda mahali ambapo yeye hawezi kumfuata. Wakati ule sikuliona hilo. Niliona tu kwamba Sofi, aliyekuwa bado anacheka na kusema “kofia yangu imetekwa,” alimwangalia mama yake usoni na kicheko kikaisha, akala mahindi yake akitazama dirishani mpaka Songea.

Kaskazini walikwenda kwa ndege. Mimi nilibaki naosha gari lisilo na vumbi. Waliporudi, mabega ya Mama Sofi yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo, na picha ziliondolewa mezani, wakaanza tena kula kama watu. Jikoni Sofi alitueleza juu ya farasi, jina la kila mmoja, na jinsi kila mtu kule anavyosema samahani na asante. Mama Kihwele alimsikiliza, akamkatia kipande cha boga la kuchemsha. “Ni shule nzuri,” alisema. “Utasoma.” Hakumtania siku ile, na kwa hilo nilijua ameelewa kwamba imekwisha.

Mama Kihwele aliposikia kisa cha kofia mara ya kwanza alikuwa amecheka mpaka akakaa sakafuni na Neema mgongoni. Ilipofika likizo yake alikwenda kwao Iringa, na njiani akashuka kwenye ile shule ya milimani bila kumwambia mtu. Alirudi na kofia. Asubuhi ya kuondoka kwao, gari limejaa, Simba amefungwa kamba ili asilifukuze, Sofi akaiona inatokeza kwenye mfuko wa aproni.

“Kofia yangu!”

“Ilikuwa ya Mhehe wa kule, sasa ni ya Mhehe wa hapa,” Mama Kihwele akasema. “Kuku yuko wapi?”

“Sina kuku! Tunaondoka sasa hivi!”

“Basi.”

“Mpe tu mtoto, Mama Kihwele,” nikasema. Nilikuwa nimekasirika kweli. “Siyo leo.”

“Wewe Mngoni nyamaza. Kuku kwanza.”

Mama Sofi alikuwa ameshaingia garini. Alishuka. Nilidhani atanyoosha mkono kama siku ile, lakini alisimama tu anamtazama mpishi wake, aliyekuwa anatabasamu na machozi yanamfika kidevuni, kisha akanitazama mimi kama anayetaka nimtafsirie. Hapakuwa na neno la kutafsiri. Akarudi garini. Sofi alitoa kichwa dirishani tukiwa tunatoka getini, akapiga kelele, “Nitarudi na kuku, Mhehe wee!” Niliwapeleka uwanja wa ndege. Baada ya miezi michache baba naye alimaliza mabomba yake, mapazia yakashushwa, Mama Kihwele akahamia Lizaboni kuuza chakula kwa mafundi, na mimi nikaomba kazi ya lori la kwanza lililonipita. Sijawahi kukaa tena.

Nilifika Lizaboni mchana, na kesho yake ndiyo ilikuwa ya kuzika. Ndugu wa Iringa walikuwa wamefika. Yadi ilijaa, turubai limefungwa kwenye nyumba ya jirani, wanawake wanakoroga uji kwenye masufuria ya kukodi. Nilikaa na wanaume. Kila mara kaka yake marehemu, mzee mrefu wa fimbo, alinitupia jicho, nami nikainamisha langu. Siku ya mazishi, baada ya sala, vijana waliingia kulibeba jeneza. Yule mzee akashindwa kuvumilia.

“Songea nzima hii hamna Mngoni?” alisema. “Dada yangu mnamtoa kimya namna hii, kama mtu asiye na watani?”

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Nikalia.

Wakati huo bodaboda ilisimama barabarani, akashuka mwanamke mrefu mweupe, khanga kiunoni, begi mgongoni, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa sijamwona kwa miaka ishirini na mitano, na nilimjua kwa namna alivyotembea, akitangulia na mabega. Neema alikuwa amempigia Nairobi anakofanya kazi, kwa namba aliyoikuta kwenye simu ya mama yake. Hakumsalimia mtu. Alipita katikati ya watu, akafika mlangoni kwa marehemu wakati jeneza linakaribia kizingiti, akaketi pale pale kizingitini, miguu ameinyoosha nje.

“Hatoki mtu hapa,” alisema. Ilikuwa bado sauti ya jiko letu, Kiswahili cha Ruhuwiko hasa. “Huyu Mhehe ana kofia yangu.”

Nilimwona katekista amebaki na kitabu wazi. Mwanamke mmoja akasema, “Jamani, huyu Mzungu anaumwa?” Yule mzee wa fimbo akauliza kwa ukali, “Huyu ni nani?”

Na hapo sauti yangu ilirudi. “Ni wetu, mzee. Ukoo wa Gama. Ni mateka wenu wa zamani, alitoroka.”

Mzee alimtazama Sofi, akanitazama mimi, na uso wake ukaanza kufunguka taratibu kutoka kwenye macho. “Ametoroka na amezeeka!” akasema. Ndipo Neema, aliyekuwa amelala chini pembeni ya jeneza tangu asubuhi, ambaye hakuwa amekula wala kumjibu mtu, akainua kichwa. Macho yamevimba. Alimwangalia Sofi pale kizingitini.

“Kuku yuko wapi?” akasema.

Sijui kuieleza kelele iliyofuata. Kicheko na kilio vilitoka pamoja. Sofi alisema hana kuku, amesafiri siku mbili, basi halipandishi kuku siku hizi. Neema akamwambia basi hapati kofia. Mzee akasema Wangoni hawajabadilika, wanakuja kwa watu mikono mitupu. Walibishana juu ya jeneza mpaka ikakubaliwa kwamba kuku ataletwa kesho, na mimi ni mdhamini, na nisipomleta nitachukuliwa mimi. Ndipo Sofi alipoinuka, akaweka kiganja juu ya ubao, akainama, akasema jambo ambalo sikulisikia wala sikutaka kulisikia. Tulimtoa Mama Kihwele kwa nyimbo.

Kesho yake tulikwenda sokoni kwa miguu, tukachagua jogoo mwekundu mwenye kiburi, Sofi akambeba kwapani. Njiani nilimuuliza juu ya ile shule ya kaskazini. Alisema ilikuwa nzuri. “Walimu wazuri, anko. Nilifaulu. Mama alichagua vizuri.” Alitembea kidogo. “Ila hakuna mtu aliyenichukulia kitu hata siku moja.” Kisha akaniambia mama yake anazeeka vizuri huko kwao, anasalimia, na alipoambiwa habari ya msiba, kitu cha kwanza alichouliza ni kama ile kofia bado ipo.

Ilikuwepo. Neema aliitoa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama yake, imefungwa kwenye khanga pamoja na vidonge vya kuzuia wadudu. Nyekundu imefifia, kishada kimeanguka. Alimpokea jogoo kwanza, akampima uzito kwa mkono kama mama yake alivyokuwa akifanya, ndipo akaitoa kofia. Sofi aliivaa. Ilimkaa juu ya utosi kama kifuniko cha birika kwenye sufuria, tukacheka mpaka majirani wakachungulia. Kisha akaivua, akaikunja, akamrudishia Neema.

“Iweke sandukuni,” alisema. “Nikiichukua, nitakuwa narudi kudai nini?”

Neema aliitazama, akaifunga tena kwenye khanga. “Basi safari ijayo kuku wawili,” alisema.

Jogoo tulimla mchana ule, Wangoni wawili na Mhehe mmoja, sahani chini kwenye mkeka. Nilikuwa nimepanga kuondoka na basi la Tunduru. Niliisikia honi yake kule barabarani, nikavuta sinia karibu yangu na kumega tonge jingine. Neema alinitazama mkono.

“Wewe Mngoni,” alisema, “ugali huo ni wa watu watano.”